Kangai: pombe iliyoua ilitoka kituo cha polisi

Mapema Februari 2024, watu waliokuwa wamekunywa katika baa moja ya soko dogo la Kangai, kaunti ya Kirinyaga, walianza kulalamika kwamba macho hayaoni vizuri. Wengine walitapika, wengine wakaishiwa nguvu wakiwa nyumbani, na kufikia katikati ya mwezi waliokufa walikuwa si chini ya 17. Habari za pombe ya sumu si ngeni Kenya. Zaidi ya watu 100 walikufa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mwaka 2000 kwa kinywaji kilichoitwa kumi kumi kwa sababu kiliuzwa shilingi kumi. Machakos ilizika makumi mwaka 2005. Mei 2014 vifo vilitokea karibu kwa wakati mmoja Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Kangai ingeingia katika orodha hiyo na kusahaulika, lau si jambo alilolitangaza Kithure Kindiki, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani: pombe ile ilikuwa kielelezo cha kesi. Ilishanaswa, ikawekwa katika kituo cha polisi cha Kiamaciri, kisha ikatoka humo na kurudi kuuzwa.

Hapo ndipo kisa hiki kinapofaa kuchambuliwa kwa utulivu. Mara nyingi tukizungumzia pombe ya miji midogo tunalaumu ukosefu wa sheria, au uvivu wa kuitekeleza. Kangai haikukosa sheria. Msako ulifanyika, ukafaulu, pombe ikapakiwa na kupelekwa kituoni. Kwa hesabu za serikali, mzigo ule ulikuwa umeshaondolewa sokoni.

Kirinyaga iko mteremkoni mwa Mlima Kenya, chai na kahawa zikiwa juu, mpunga wa Mwea ukiwa chini. Pesa huja kwa misimu: malipo ya kahawa, mavuno ya mpunga, na katikati vibarua vya siku kwa siku. Masoko yake madogo yanafanana. Kuna duka la pembejeo, buchari, wakala wa M-Pesa, kinyozi, kisha baa mbili tatu na duka la pombe kali lenye wavu wa chuma kuanzia kaunta hadi dari. Muuzaji hupitisha chupa katika kitundu cha wavu, na mnunuzi mara nyingi humaliza alichonunua hapo hapo barazani. Chupa inayotembea zaidi ni ile ya mililita 250. Udogo wake nao umetokana na sheria.

Sheria yenyewe ni ya Kudhibiti Vileo, ya mwaka 2010. Wengi huiita sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha na ndiye aliyeupeleka mswada wake Bungeni. Ilipoanza kutumika Novemba mwaka huo, baa ziliambiwa zifunguliwe saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Mwenye umri chini ya miaka 18 asiuziwe. Baa isiwe ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali vikapigwa marufuku, na kipimo cha chini cha kufungashia kikawa mililita 250. Pia, na hili watu husahau, sheria hiyo hiyo iliifuta marufuku ya chang'aa, pombe kali ya kienyeji, iliyokuwapo tangu 1980. Hoja ilikuwa kwamba chang'aa ikiruhusiwa, ikapikwa kwa kiwango, ikatiwa kwenye chupa ya kioo na kubandikwa lebo, mnywaji atajua anachokunywa.

Wazo halikuwa baya. Lakini mama aliyekuwa akipika chang'aa nyuma ya nyumba hakuwa na mtaji wa chupa, maabara wala lebo. Alibaki haramu kama zamani. Walioingia mlango ule uliofunguliwa ni wenye viwanda vidogo vya kuchanganya: unanunua ethanoli, yaani alkoholi ya kawaida ya kunywa, kwa mapipa, unaongeza maji, rangi na ladha, unafungasha, unalipia kibali. Vinywaji hivyo ndivyo vilivyopewa jina la pombe za kizazi cha pili, na kwa bei yake vilienea Kenya ya Kati haraka kuliko kinywaji chochote kilichotangulia.

Soma tena masharti hayo: saa, umri, mita, ukubwa wa chupa. Ni mambo yanayoonekana kwa macho. Chifu anaweza kusimama nje ya baa na kuona kama imefunguliwa mchana, na afisa wa kaunti anaweza kupima umbali hadi lango la shule. Kilichomo chupani hakionekani. Methanoli, aina ya alkoholi iliyo sumu, ina rangi ile ile ya maji, na harufu na ladha yake huwezi kuitofautisha na ya ethanoli ikishachanganywa na kitu kingine.

Tofauti hujitokeza mwilini. Ini huivunja ethanoli kwa njia ambayo mwili umeizoea. Methanoli hugeuzwa kuwa formaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo huushambulia mshipa wa fahamu wa jicho na kuvuruga upumuaji wa seli. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 24 baada ya kunywa, na ucheleweshaji huo ndio hatari yenyewe, kwa kuwa aliyekunywa jioni hulala akijua amelewa tu, na wenzake huendelea kununua kutoka pipa lile lile. Tiba ipo. Kuna dawa iitwayo fomepizole, na isipopatikana madaktari hutumia ethanoli safi kuizuia ini isiivunje methanoli, huku figo zikisaidiwa na mashine ya kusafisha damu. Yote hayo yanahitaji mgonjwa afike mapema na hospitali ijue inashughulika na nini. Anayeishi kilomita nyingi kutoka hospitali kubwa, na ambaye familia imezoea kumwona akilala hadi saa sita mchana, hafiki mapema.

Ijulikane pia kwamba uchachushaji wa kawaida wa nafaka hutoa methanoli kidogo mno. Busaa ya mtama haimpofushi mtu. Methanoli ya kuua hutoka viwandani, ambako hutumika kama kiyeyushio na malighafi ya kemikali, na huingia katika pombe kwa sababu ni rahisi kuliko ethanoli, au kwa sababu aliyeuziwa pipa hakujua tofauti.

Mwaka mmoja kabla ya vifo vya Kangai, mapema 2023, Naibu Rais wa wakati huo Rigathi Gachagua alianzisha kampeni kali dhidi ya pombe haramu katika kaunti za Mlima Kenya. Aliwataka magavana wapunguze baa hadi ibaki moja kwa kila mji. Agizo lilishangiliwa, hasa na akina mama ambao kwa miaka wameandamana wakisema waume na wana wao wameangamia. Siwezi kuwalaumu. Anayemwona kijana wake wa miaka 24 akichukuliwa mzobemzobe kutoka barazani kila jioni hana muda wa kusikiliza mjadala wa katiba.

Lakini mjadala wa katiba upo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Naibu Rais hana kitabu cha leseni, anaweza tu kushawishi na kushinikiza. Kaunti nayo ina leseni lakini haina polisi. Polisi ni wa serikali kuu, na chifu pia, ambaye Sheria ya Machifu inamruhusu kutoa amri kuhusu upikaji wa pombe katika eneo lake. Ushuru unakusanywa na KRA (mamlaka ya mapato), ubora unakaguliwa na KEBS (shirika la viwango), sera inaandikwa na NACADA (mamlaka ya kupambana na ulevi na mihadarati). Watu wakifa, kila ofisi ina hoja ya kweli kwamba kipande chake ilikifanya.

Zaidi ya hayo, ada za leseni ni mapato ya kaunti. Ofisi inayotakiwa kupunguza baa ndiyo inayozitegemea kwa sehemu ya bajeti yake. Sisemi kila gavana anauza leseni kwa tamaa. Nasema mfumo umempa sababu ya kuongeza na kumwomba apunguze kwa hiari.

Na hata kama agizo lingetekelezwa kikamilifu, baa moja kwa mji ingefanya nini? Kwanza ingeigeuza leseni hiyo moja kuwa mali ya thamani kubwa, na kitu cha thamani kubwa kinachotolewa na kamati ya watu wachache hujulikana kinavyopatikana. Pili, wanywaji hawapungui kwa sababu milango imepungua. Waliofungiwa huhamia chumba cha nyuma, ambako hakuna bango, hakuna saa, na hakuna afisa wa afya. Tatu, na hili ndilo la Kangai, baa iliyobaki inaweza kuwa ndiyo yenye pombe mbaya. Idadi ya baa haisemi chochote kuhusu pipa.

Kuna njia moja ya kuihukumu chupa bila kuifungua: bei yake. Wakati wa vifo vya Kangai, ushuru wa bidhaa kwa pombe kali ulikuwa shilingi 356.42 kwa lita. Chupa ya mililita 250 ni robo lita, kwa hiyo ushuru wake peke yake ulikuwa takriban shilingi 89. Ongeza VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 juu ya ushuru huo, unafika 103. Hapo hujanunua tone la ethanoli, hujalipa chupa, kifuniko, lebo, usafiri, wala faida ya muuza jumla na mwenye duka. Ukikuta chupa hiyo ikiuzwa shilingi 100 wakati huo, hukuhitaji mkemia. Kodi haikulipwa, na kama kodi haikulipwa hakuna ofisi inayojua chupa ilitoka wapi. KRA ina stika za ushuru na programu ya simu iitwayo Soma Label ya kuzikagua. Chifu yeyote mwenye simu angeweza kupita madukani kila wiki akikagua stika na kuandika bei. Ajabu ni kwamba misako mingi huanza na saa za kufungua.

Bei ndiyo inayoeleza pia kwa nini watu hurudi kwenye pombe hatari hata baada ya mazishi. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilileta Senator Keg, bia ya bei nafuu iliyouzwa kwa glasi kutoka kwenye pipa, kwa makubaliano na serikali kwamba ipunguziwe ushuru ili iwavute wanywaji kutoka pombe haramu. Iliwavuta. Mwaka 2013 serikali, ikihitaji fedha, iliurudisha nusu ya ushuru ule, na mauzo ya keg yakaporomoka vibaya. Mei iliyofuata ndipo watu walipokufa Embu na kwingineko. Siwezi kuapa kwamba jambo moja lilizaa lingine moja kwa moja, lakini walioandika bajeti walielewa somo: mwaka 2015 msamaha wa ushuru wa keg uliongezwa hadi asilimia 90. Mwaka huo huo, mwezi Julai, Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri dhidi ya pombe za kizazi cha pili, na wabunge wa Kenya ya Kati wakaongoza umati kuvunja maghala na kumwaga pombe barabarani, ikiwemo iliyokuwa na leseni na stika. Hatua ya kwanza ilifanyika kimya kimya kwenye karatasi za Hazina, ya pili mbele ya kamera. Nadhani ya kwanza iliokoa watu zaidi.

Sasa turudi Kiamaciri, maana hapo ndipo uzi ulipokatikia.

Fikiria safari ya pombe iliyonaswa. Polisi na chifu wanavamia duka, wanapakia mitungi au katoni kwenye gari, wanapeleka kituoni. Inaandikwa katika kitabu cha vielelezo. Sampuli inatakiwa kwenda kwa Mkemia wa Serikali ili ithibitishwe ni nini. Mshukiwa anafikishwa kortini, anakanusha, anaachiliwa kwa dhamana, kesi inapewa tarehe ya kutajwa. Tarehe inafika, shahidi hayupo. Inapewa nyingine. Muda wote huo mzigo umekaa kituoni, kwa sababu upande wa mashtaka unaamini lazima uonyeshwe hakimu.

Stoo ya kituo cha mashambani ni chumba cha kawaida. Humo kuna baiskeli zilizoibwa, magunia ya bangi, panga la kesi ya ugomvi, na kwenye pembe, mitungi ya kemikali. Haikujengwa kuhifadhi kiyeyushio. Na tofauti na panga, kioevu kina sifa inayomfaa mwizi: ukipunguza nusu na kuongeza maji, kiasi ni kile kile. Aliyeandika “mitungi sita” atakuta mitungi sita.

Halafu kuna thamani yake. Pombe iliyonaswa haijalipiwa kodi na haijamgharimu kitu anayeitoa stoo. Faida yake ni kubwa kuliko ya pombe yoyote nyingine sokoni, na anayeweza kuifikia ni mwenye ufunguo. Pale ambapo polisi na mwenye baa tayari wana mazoea ya kupeana kitu kidogo ili mlango ubaki wazi baada ya saa tano, njia ya kuirudisha bidhaa sokoni ilishachimbwa. Haihitaji genge. Inahitaji watu wawili wanaofahamiana.

Baadaye maafisa wa kituo walisimamishwa kazi na waliohusishwa wakakamatwa. Tarehe 6 Machi 2024 Kindiki alitangaza hatua 25. Leseni za viwanda vyote vya pombe za kizazi cha pili zilisimamishwa hadi vikaguliwe upya. Baa zilizoko katika mitaa ya makazi na karibu na shule ziliamriwa kufungwa. Saa za kufungua zilisisitizwa. Maafisa wa umma wanaosimamia utekelezaji wa sheria walikatazwa kumiliki baa. Hii ya mwisho ndiyo iliyogusa kidonda, kwa sababu katika miji midogo ni siri ya wote kwamba baa isiyofungwa kamwe huwa na mwenyewe aliye na sare, au shemeji wa mwenye sare. Kuithibitisha ni jambo jingine, maana leseni huandikwa jina la mke, la dada, au la mfanyakazi.

Nyingi za hatua zilizobaki zilirudi kwenye vipimo vilivyozoeleka, mlango na mita na saa. Havina ubaya. Mtoto anayetoka shule hapaswi kupita katikati ya walevi, na mji unaolala saa tano una amani kuliko usiolala. Ila kama maswali mawili yangeulizwa kuhusu Kangai, yaani pombe ile iliingiaje Kirinyaga mara ya kwanza na ilitokaje Kiamaciri mara ya pili, vipimo hivyo visingejibu hata moja.

Swali la pili lina jibu ambalo halihitaji fedha nyingi. Pombe ikinaswa, ichukuliwe sampuli mbele ya mshukiwa au wakili wake, ifungwe kwa lakiri, ipigwe picha, ipimwe kwa lita na si kwa idadi ya mitungi, kisha hakimu aombwe amri ya kuuharibu mzigo uliobaki ndani ya siku chache. Kesi iendelee kwa sampuli na picha. Kenya imeshafanya hivyo kwa pembe za ndovu na mihadarati iliyoteketezwa hadharani, kwa hiyo si jambo geni kwa mahakama. Mzigo usiokuwapo hauwezi kuibwa. Kinachobaki ni kumfanya mkuu wa kituo awajibike binafsi kwa kila lita kuanzia saa ya msako hadi saa ya kumwagwa, jambo ambalo wakuu wa vituo hawatalipenda, na nadhani hiyo ni dalili nzuri.

Swali la kwanza ni gumu zaidi. Methanoli ina matumizi halali, na huwezi kuifungia mipaka. Lakini wanaoiingiza nchini kwa wingi si maelfu. Ufuatiliaji wa mapipa kutoka bandarini hadi kwa mtumiaji wa mwisho ungekuwa mwepesi kuliko kufuatilia kila kaunta kutoka Sagana hadi Meru. Polisi wanapomkamata mwenye baa wa Kangai wamekamata mkono wa mwisho katika mlolongo mrefu, na kesi zetu nyingi huishia kwenye mkono huo.

Julai 2025 serikali ilizindua sera mpya ya kitaifa ya kudhibiti pombe na mihadarati. Inapendekeza umri wa kununua pombe upande kutoka 18 hadi 21, na inataka kuzuia uuzaji katika maduka makubwa na kwa njia ya intaneti. Mjadala mzima ulihamia kwenye umri. Vijana walikasirika, wenye hoteli wakalalamika, serikali ikalazimika kueleza kwamba sera si sheria. Na kweli si sheria: umri wa 18 umeandikwa katika Sheria ya 2010, na hadi Bunge litakapoubadilisha, chifu hana mamlaka ya kumwondoa kijana wa miaka 19 kwenye kaunta. Kumtaka mkuu wa kituo aeleze lita zilizomo stooni mwake ni suala la amri ya Inspekta Jenerali wa Polisi, na haisubiri kura ya mbunge yeyote.